Redio Isinyamaze: Kuuelewa Mfumo wa Kompyuta wa Kurusha na Kurekodi Sauti

Studio nyingi za redio za jamii zina kompyuta moja mbele ya mtangazaji, na hiyo moja ndiyo kila kitu. Inapiga muziki, inarusha matangazo ya biashara, inapokea WhatsApp za wasikilizaji, na jioni mtu anaikalia kuhariri kipindi cha kesho huku nyimbo zikiendelea hewani. Nyimbo zenyewe zimejazana kwenye mafolda yenye majina kama "Mpya 2", "Bongo safi" na "Usifute". Redio ikinyamaza dakika nne usiku, asubuhi utasikia kwamba programu ni mbovu, itafutwe nyingine.

Mara nyingi programu haina kosa. Tatizo ni kwamba kazi nne zisizofanana zimerundikwa mahali pamoja: kutunza sauti, kupanga kitakachorushwa, kukirusha, na kurekodi. Kila moja ina masharti yake, na masharti ya moja hugongana na ya nyingine. Mashine inayorusha haitakiwi kukatizwa hata nusu sekunde, wakati anayehariri anataka kufungua, kufuta, kujaribu na kuwasha upya. Ukishaona kazi hizi zinavyotengana na zinavyoshikana, unaweza kufunga mfumo wowote ule. Usipoona, hata mfumo ulionunuliwa kwa mamilioni utanyamaza siku ya uchaguzi.

Nitatumia Rivendell, programu ya kuendeshea matangazo ya redio, kama mfano mkuu. Ilianza kuandikwa mwaka 2002, haina ada ya leseni, inakaa juu ya Linux, na sehemu zake zimetenganishwa waziwazi kiasi kwamba ukiifahamu hiyo unazifahamu na nyingine. Anayetaka kubaki kwenye Windows ana RadioDJ, nayo ni ya bure. LibreTime, iliyochipuka kutoka programu ya Airtime mwaka 2017, inaendeshwa kupitia kivinjari na inawafaa zaidi wanaorusha kwa intaneti au wenye wahariri walio mbali na studio. Mixxx ni chombo kizuri cha madijei, lakini kuendesha kituo usiku na mchana si kazi yake. Audacity ni ya kurekodi na kuhariri. Isikae kabisa kwenye mashine ya hewani.

Faili na katriji

Kabla ya kompyuta, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, vituo vilitumia katriji: kasha la plastiki lenye utepe wa sumaku uliounganishwa kichwa na mkia. Kila jingo, yaani kibwagizo kifupi cha kituo, na kila tangazo lilikuwa na kasha lake, lenye maandishi ubavuni. Ukibonyeza, sauti inatoka, utepe unazunguka mpaka mwanzo na kusimama wenyewe, tayari kwa mara nyingine. Rivendell imerithi wazo hilo lote. Kila sauti inayoingia hupewa katriji yenye namba ya tarakimu sita, na ndani ya katriji kunakuwa na kipande kimoja au zaidi.

Hapa ndipo mfumo wa kurusha unapoachana na programu ya kawaida ya kusikilizia muziki, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua tangazo la duka la vifaa vya ujenzi. Mteja amelipia mwezi mzima na ameleta sauti tatu. Kwenye mafolda, mtangazaji wa zamu ndiye anayetakiwa kukumbuka ipi ipigwe lini na ipi imekwisha muda. Kwenye maktaba ya katriji unafungua namba 020145, unaandika jina la mteja, unaweka vipande vitatu. Cha kwanza unakipa tarehe ya kuanza na ya kwisha. Cha pili, chenye salamu za Ramadhani, unakifungia ndani ya tarehe za mwezi huo peke yake. Cha tatu kinataja ofa ya Jumamosi, basi unakiruhusu Jumamosi tu, asubuhi mpaka adhuhuri. Orodha ya siku inasema tu "020145", na mfumo wenyewe unachagua kipande kinachostahili kwa saa hiyo. Mkataba ukiisha usiku wa tarehe 30, tangazo halisikiki tena hata kama kituo kizima kimelala. Mhasibu hagombani na mteja, wala mtangazaji halaumiwi kwa kupiga ofa iliyokwisha.

Namba hizo za tarakimu sita zigawanywe kwa makundi kabla hujaingiza wimbo wa kwanza. Muziki kuanzia 010000, matangazo kuanzia 020000, jingo kuanzia 030000, vipindi vilivyorekodiwa kuanzia 040000, na kadhalika. Kalamu na karatasi vinatosha, na mkae wote: mhariri, fundi, mtu wa masoko. Kituo kinachoanza kuingiza nyimbo kwanza na kupanga makundi baadaye hujikuta na maktaba ya maelfu ya sauti ambayo hakuna anayethubutu kuigusa.

Ndani ya kila kipande kuna alama. Moja inaonyesha utangulizi wa ala unapoishia na mwimbaji anapoanza, na kwenye skrini mtangazaji anaona sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma, akajua ana muda gani wa kusema kabla hajamkanyaga mwimbaji. Nyingine inaonyesha mahali ambapo wimbo unaofuata uanze kuingia. Kwa muziki wetu alama hizi ni kazi ya kukaa na kusikiliza. Taarabu asilia inaweza kuwa na utangulizi mrefu wa vinanda ambao msikilizaji wa Pemba anausubiri kama sehemu ya wimbo; ukiiachia mashine ikate "ukimya" wa mwanzoni, na kiwango ulichoweka ni cha juu, itakula mapigo laini ya kwanza ya udi. Wimbo wa dansi nao unaweza kufifia taratibu kwa sekunde nyingi, na bila alama ya kuunganisha wasikilizaji wataachwa na hewa tupu. Kuingiza nyimbo kwa mkupuo kupitia folda maalumu kunaokoa muda, lakini nyimbo zinazopigwa kila siku zipitiwe moja moja kwa masikio.

Kuhusu ubora, watu hubana faili bila sababu. Sauti isiyobanwa, stirio, ya sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16, inachukua takriban MB 11.5 kwa dakika. Nyimbo 2,000 za dakika nne nne ni kama GB 92. Diski ya GB 500 inazibeba zote na nafasi inabaki. Hakuna haja ya kuweka maktaba kwa MP3 ili kuokoa nafasi. Na kinyume chake kieleweke pia: wimbo uliopakuliwa kama MP3 ya kilobiti 128 haupati uhai mpya kwa kugeuzwa kuwa WAV, kwa sababu kilichotupwa kimeshatupwa. Wapo wanaosema FM yenyewe inaishia kilohezi 15, kwa hiyo hakuna atakayesikia. Watasikia. Kifaa cha kuchakata sauti kabla ya mtambo wa kurushia huinua sauti ndogo ndogo, ikiwemo michakacho ya faili iliyobanwa, na ukirusha pia kwa intaneti sauti hiyo hiyo inabanwa mara ya pili. Waombe wasanii na wasambazaji faili halisi. Wengi watafurahi kukupa.

Kuna na suala la wimbo mmoja kupiga kelele na mwingine kunong'ona. Kusawazisha kwa kilele cha mawimbi hakutoshi, kwa sababu masikio hayasikilizi kilele, yanasikiliza wastani. Ndiyo maana Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulitoa mwaka 2010 pendekezo la R128 linalopima ukubwa wa sauti kama masikio yanavyousikia, na kiwango chake ni -23 LUFS (LUFS ndicho kipimo cha ukubwa huo). Redio ya FM hailazimiki kuishi na namba hiyo hiyo. Inachotakiwa ni kuchagua namba moja kwa maktaba nzima na kupitisha kila faili humo kabla ya kuingizwa. Programu ya ffmpeg inafanya kazi hiyo bure.

Njia ya sauti, kutoka diski mpaka mtambo

Kama kuna mahali pa kutumia pesa, ni kadi ya sauti. Tundu dogo la hedifoni la kompyuta halikutengenezwa kulisha mikseta ya studio. Linaokota kelele za ndani ya mashine, na plagi yake huchomoka kwa kuguswa na kiwiko. Tafuta kadi ya nje au ya ndani yenye angalau njia mbili tofauti za kutolea sauti kwa stirio, na ikiwezekana iwe na viunganishi vya XLR (vya pini tatu) au jeki kubwa zenye waya tatu.

Kwa nini njia mbili? Ya kwanza inakwenda hewani. Ya pili ni ya kuonjea: mtangazaji anatafuta wimbo unaofuata, anausikiliza kwenye hedifoni, na msikilizaji hajui chochote. Kwenye Rivendell hili linawekwa kwenye RDAdmin, sehemu yake ya mipangilio, ambako unaiambia mashine kwamba orodha kuu itoke njia ya kwanza na majaribio yatoke ya pili. Kwenye Windows kuna hatua moja ya ziada ambayo isirukwe. Iache kadi ya sauti iliyozaliwa na kompyuta iwe ndiyo chaguo la mfumo mzima, kisha ndani ya RadioDJ uchague kadi yako nzuri kwa jina lake. Hapo mlio wa barua pepe, wa flashi iliyochomekwa au wa sasisho utaishia kwenye tundu lisilounganishwa na kitu, wala hautafika hewani katikati ya tangazo la msiba.

Kinachofuata ni viwango, na wengi hukadiria kwa macho. Vifaa vya nyumbani hutoa sauti kwa kiwango cha -10 dBV, vya studio hufanya kazi kwa +4 dBu, na kati yao kuna tofauti ya desibeli 12 hivi. Ukivichanganya bila kujua, ama sauti inafika dhaifu ukaikuza pamoja na kelele zake, ama inafika kubwa na kupasuka. Upande wa kompyuta kuna dari moja isiyovukika, 0 dBFS. Ukiigusa, mawimbi yanakatwa vichwa na hakuna namna ya kuyarudisha.

Fanya hivi. Tengeneza faili yenye mlio mmoja wa hezi 1,000 kwa kiwango cha -18 dBFS, iingize kwenye maktaba kama katriji, uirushe. Kwenye mikseta, weka feda (kitelezo cha kupandisha na kushusha sauti) ya chaneli ya kompyuta kwenye alama yake ya sifuri. Sasa zungusha kitufe cha juu cha kuongeza nguvu mpaka mshale au taa za kupimia zisimame sifuri. Weka alama ya rangi pale kitufe kilipokomea. Kuanzia hapo mtangazaji hatakiwi kukigusa. Kazi yake ni feda tu. Mlio ule ubaki kwenye maktaba, kwa sababu siku sauti ikilalamikiwa utaurusha na kujua ndani ya dakika moja kama tatizo liko kabla ya mikseta au baada yake.

Mvumo mzito unaosikika chini ya kila kitu, wa hezi 50, kwa kawaida unatokana na vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huku kila kimoja kikiwa na njia yake ya kwenda ethi, yaani ardhini. Kuna mafundi wanaoukomesha kwa kukata waya wa ethi kwenye plagi. Tafadhali usifanye hivyo wala usimruhusu mtu afanye. Studio ina maikrofoni za chuma zinazokaribia midomo ya watu, na ethi hiyo ndiyo inayomlinda mtangazaji. Tumia transfoma ya kutenganisha sauti, na uchomeke kompyuta, kadi na mikseta kwenye chanzo kimoja cha umeme.

Kwenye Linux utakutana na JACK, inayounganisha programu moja na nyingine kama waya za kwenye ubao wa viunganishi. Kitu cha kuangalia hapo ni ukubwa wa bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho mashine inakusanya kabla ya kuitoa. Sampuli 1,024 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde 21 hivi. Kwa muziki unaorushwa huo ni muda usiosikika, na bafa kubwa inaipa mashine nafasi ya kupumua. Kwa mtu anayejisikia mwenyewe kwenye hedifoni, ucheleweshaji unaanza kumchanganya haraka. Ndiyo sababu maikrofoni ya hewani iende moja kwa moja kwenye mikseta, isipitie kompyuta.

Simu nazo zina kanuni yake. Anayepiga simu anatakiwa arudishiwe kila kilichoko hewani isipokuwa sauti yake mwenyewe. Ukimrudishia na yake, atajisikia kwa mwangwi, atasita, au mlio mkali utazuka. Mikseta nyingi za redio zina njia ya pekee kwa ajili hiyo. Kwenye mikseta ya kawaida tumia njia ya ziada ya pembeni, uinue kila chaneli isipokuwa ya simu.

Saa ya mashine na saa yetu

Ratiba ya redio ya Kiswahili huandikwa kwa saa za Kiswahili. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku kila mtu anajua ni lini. Kompyuta haijui, kwake ni 20:00, na 02:00 ni saa 8 ya usiku. Kosa la aina hii linapita kirahisi kwa sababu aliyeandika ratiba na anayeiingiza wote wana uhakika na wanachokisoma. Dawa yake ni karatasi ya ratiba yenye safu mbili, saa yetu na saa ya mashine, na mtu mmoja anayewajibika kuijaza.

Siku nayo ina mtego. Mashine inabadilisha tarehe saa 6 usiku. Mtangazaji anayesema "Ijumaa usiku, saa 8" kwa kipindi chake cha usiku wa manane anazungumzia, kwa hesabu ya mashine, 02:00 ya Jumamosi. Kwa vipindi vya usiku mwingi andika "usiku wa kuamkia Jumamosi", hapo hakuna atakayekosea.

Upangaji wenyewe unakwenda kwa ngazi. Unatengeneza kwanza kiolezo cha saa moja: dakika ya kwanza kitambulisho cha kituo, kisha habari, matangazo mawili, nyimbo tatu, jingo, na kuendelea. Unaweza kuwa na kiolezo cha asubuhi, cha mchana wa muziki, cha usiku. Halafu unavipanga kwenye gridi ya wiki, yenye vyumba 168, kimoja kwa kila saa ya kila siku. Kutokana na gridi hiyo RDLogManager inazalisha logi, yaani orodha kamili ya siku, mstari kwa mstari. Mhariri anaifungua, anarekebisha, na RDAirPlay, skrini ya mtangazaji, ndiyo inayoisoma na kuirusha.

Logi ya siku inamalizika kwa mstari unaoita logi ya siku inayofuata. Kama logi ya kesho haijazalishwa, saa 6 usiku mashine itafika kwenye mstari huo, itatafuta, haitakuta kitu, na redio itanyamaza. Hakuna kilichoharibika, na ndiyo maana fundi akija asubuhi hukuta kila kitu ni kizima. Ukimya mwingi wa usiku wa manane una asili hii. Zalisha logi za wiki nzima mbele, na uiachie kompyuta yenyewe izizalishe kila usiku kwa amri ya muda maalumu, ili likizo ya mhariri isije kuwa likizo ya kituo.

Baadhi ya mistari ya logi inafungwa kwa saa. Hapa una maamuzi matatu: ikifika saa, mfumo ukate kilichoko hewani papo hapo, au uache kilichoko kiishe kisha mstari huo ufuate, au usubiri, lakini usizidi dakika ulizozitaja. Kwa habari zinazosomwa na mtu aliyeko studio, kusubiri dakika moja mbili hakudhuru. Kwa kujiunga na matangazo ya moja kwa moja, kama DW Kiswahili kutoka Bonn, kata papo hapo, kwa sababu Bonn haikusubiri.

Adhana inahitaji uangalifu wa peke yake. Nyakati zake husogea mwaka mzima, kwa hiyo haziwezi kuwekwa kwenye gridi mara moja na kusahauliwa. Wala huwezi kuazima ratiba ya kituo cha mkoa mwingine. Tanga na Kigoma zinatumia saa ile ile, lakini jua la Kigoma linazama zaidi ya nusu saa baada ya la Tanga. Redio ya Kigoma ikifuata magharibi ya pwani itawafuturisha watu jua lingali juu. Logi za wiki zikishazalishwa, mtu anayejua nyakati za hapo azipitie na kusogeza mistari ya adhana siku kwa siku. Ni kazi ya muda mfupi na ina uzito mkubwa kwa wasikilizaji.

Yote haya yanategemea saa ya kompyuta kuwa sahihi. Ukanda wa saa uwe wa Afrika Mashariki, na mashine ijirekebishe kupitia intaneti. Angalia pia ile betri ndogo ya mviringo kwenye bodi kuu. Ikiisha, kila umeme ukikatika kompyuta itaamka ikiamini ni tarehe ya miaka mingi iliyopita, na isipopata intaneti haraka itatafuta logi ya siku ambayo haijawahi kuwepo. Betri hiyo ni ya bei ya chai na maandazi.

Kurekodi kwa aina tatu

Neno "kurekodi" linafunika kazi tatu tofauti, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni utayarishaji: mahojiano, matangazo, tamthilia, makala. Hii ifanyike kwenye kompyuta nyingine, hata kama ni ya zamani, yenye Audacity au programu nyingine ya kuhariri. Sauti ikikamilika inadondoshwa kwenye folda inayofuatiliwa na Rivendell, nayo inaingia maktaba yenyewe ndani ya kundi lake. Mtayarishaji hana sababu ya kugusa mashine ya hewani. Rekodi maikrofoni ikiwa na nafasi ya kutosha juu. Kilele kikifika -10 dBFS kinatosha kabisa. Anayeogopa sauti ndogo na kujaza mpaka taa nyekundu huharibu mahojiano ambayo mgeni hatarudi kuyarudia.

Ya pili ni kunasa kwa ratiba. RDCatch, sehemu nyingine ya Rivendell, inaweza kuamka saa uliyotaja, ikarekodi kinachoingia kutoka kwenye kipokezi cha setilaiti au mtandao, na kukiweka kwenye katriji ile ile kila siku. Logi ya kesho inaita katriji hiyo bila kujali kilichomo kimebadilika. Kipindi cha washirika kinachokuja usiku unakirusha alfajiri bila mtu kukesha.

Ya tatu ni kumbukumbu ya kila kilichorushwa. Masharti ya leseni, kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na kwa wasimamizi wa nchi jirani, yasomwe vizuri kuhusu muda wa kutunza rekodi. Lakini hata bila sharti, kumbukumbu inakulinda. Mgombea akidai mpinzani wake alipewa muda mwingi, au mteja akidai tangazo lake halikusikika, unafungua saa husika na mnasikiliza pamoja. Hesabu yake ni nyepesi: MP3 ya kilobiti 64, mono, inatosha kwa maneno, na inachukua chini ya MB 29 kwa saa, kama MB 690 kwa siku. Mwaka mzima ni GB 250 hivi. Programu ndogo iitwayo rotter inafanya kazi hiyo kwenye Linux, ikigawa faili saa kwa saa.

Sauti ya kumbukumbu ichukuliwe kutoka kwenye redio ya kawaida iliyotunizwa kwenye masafa yenu, si kutoka kwenye mikseta. Rekodi ya mikseta inathibitisha mlichokisema studio. Rekodi ya redio inathibitisha kilichotoka kwenye mnara. Mtambo ukizimika, au kiunganishi cha kwenda mlimani kikikatika, tofauti ya rekodi hizo mbili ndiyo itakayokuonyesha. Mashine hiyo ya kumbukumbu iwe ya peke yake. Hata kompyuta ndogo ya bei nafuu inaiweza.

Mfumo wa kurusha pia unaandika kila katriji iliyorushwa na saa yake. Ripoti hizo ndizo unazompelekea mteja, na ndizo zinazotakiwa unapoeleza nyimbo zipi zimepigwa ili mirabaha iwafikie wasanii. Lakini zitakuwa na maana tu kama jina la wimbo na la msanii yaliandikwa sawasawa siku ya kuingiza. "Track 07" haimlipi mtu.

Umeme na nakala

UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, ibebe vitu vyote vilivyo kwenye njia ya sauti: kompyuta ya hewani, kadi ya sauti, mikseta, na kifaa cha kupeleka sauti mtamboni. Kuiwekea kompyuta peke yake huku mikseta ikizimika ni sawa na kutoweka kabisa. Inatakiwa ibebe mpaka jenereta liwake na kutulia, na betri zake zipimwe, kwa sababu joto la vyumba vyetu huzichosha kabla ya wakati. Kwenye mipangilio ya kompyuta kuna chaguo la kuwaka yenyewe umeme unaporudi. Liwashe, na uiweke programu ya kurusha ianze na kupakia logi ya leo bila kuguswa.

Nakala za akiba ndizo zinazowaponyoka wengi, hasa kwenye Rivendell. Sauti ziko kwenye folda la /var/snd, na ukilifungua utakuta majina kama 020145_001.wav, 020145_002.wav. Yaani katriji namba fulani, kipande namba fulani, basi. Jina la mteja, tarehe za mkataba, alama za utangulizi, gridi, logi, vyote viko kwenye hifadhidata ya MariaDB. Aliyenakili folda la sauti tu na kuacha hifadhidata, siku diski ikifa atabaki na maelfu ya faili zisizo na majina, na atazisikiliza moja moja kuzitambua. Kila usiku toa nakala ya hifadhidata pamoja na sauti mpya, uzipeleke kwenye diski iliyo nje ya mashine hiyo. Mara moja kwa wiki peleka nyingine nje ya jengo.

Halafu ijaribu. Chukua kompyuta ya utayarishaji au yoyote iliyo wazi, ifunge mfumo kama ulivyofunga wa kwanza, urudishe humo hifadhidata na sauti kutoka kwenye nakala, na ufungue logi ya kesho. Irushe kwenye spika za chumbani, saa nzima, ukisikiliza kama nyimbo zinaungana mahali pake na kama 020145 inachagua kipande kinachostahili. Ikipita salama, usiifumue. Iache pale ilipo, isasishwe kila usiku, na waya wake wa sauti uwe tayari kwenye chaneli ya pili ya mikseta.